Sikio Lililomgeukia Mama

Kabla ya chakula cha jioni, binti aligawa vitufe, kimoja kwa kila mtu.

“Mkisikia sauti yoyote inayowashtua katikati ya kelele nyingine, bonyezeni. Msifikirie.”

“Na ikiwa ni tumbo langu linalonguruma?” kaka yake akauliza.

Chuoni binti alikuwa akitengeneza programu ya kukisia ni sauti ipi, kati ya zote zilizomo chumbani, itayanasa masikio ya watu. Kompyuta aliiweka kwenye kona ya meza isikilize. Walipoanza kula, ikaota sikio karibu na tundu la chaja. Lilikuwa sikio la mtu mzima, lenye joto. Mama alilipangusa tone la mchuzi, akaendelea kupakua.

Kijiko kilipoanguka, wote walibonyeza. Jirani alipopiga honi, wakabonyeza. Goli lilipoingia kwenye televisheni, Baba alibonyeza mpaka kitufe kikakwama. Sikio halikujali. Liligeuka mara moja tu, Mama aliposema, kwa sauti yake ileile ya siku zote, “Nataka kujifunza kuendesha gari.”

Hakuna aliyebonyeza. Binti alipokagua rekodi, aliona hata kitufe chake mwenyewe kilikuwa kimya, akaona haya peke yake.

Chuoni, msimamizi wake alilishika sikio, akalivuta kidogo ndewe.

“Zuri. Ila limekosea. Tunatengeneza usikivu wa binadamu, mwanangu, si wa malaika. Familia haikumsikia mama yako, nalo lisimsikie.”

Binti hakuwa mtu wa kubishana. Alitengeneza nakala ya programu, akaifundisha kumpuuza Mama. Nakala haikuota chochote. Ilisikia sawasawa na familia, ikamfaulisha vizuri sana.

Kompyuta yenye sikio ilibaki nyumbani. Mama aliliita kitinda mimba wake, akalitoboa, akalivisha hereni. Jioni alilisimulia habari za gia na breki, nalo likatulia kumsikiliza. Baba naye alilizoea. Wakati wa mpira alilisogeza karibu na televisheni, lakini kila mara lilijigeuza.

“Hili ni zima kweli?” akamuuliza binti. “Goli lote lile, halitikisiki!”

“Linamsikiliza Mama.”

“Kwani amesema nini?”

“Nataka kujifunza kuendesha gari,” Mama akarudia, bila kupandisha sauti.

Baba akamtazama kwa mapenzi, akamsogezea chumvi.