Walivyojishona Kwenye Blanketi la Elida

Elida alipotangaza kwamba anaolewa Kalinzi, rafiki zake hawakuwaza kwanza juu ya bwana harusi. Waliwaza baridi. Elida alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Ujiji, mtu ambaye upepo wa ziwani ukivuma kidogo tu huvaa sweta mbili na kulalamika hadi jua litoke. Sasa alikuwa anapandishwa milimani kwenye ukungu, kwa Bwana Martini, mkulima wa kahawa, mwanamume mpole anayefikiri kwanza hata akiulizwa habari za asubuhi.

Marsiana, ambaye kwao ni Kalinzi, alisema huko blanketi moja la dukani halitoshi. Hapo ndipo Mwanvua akavuta viroba vilivyokuwa chini ya meza yake ya kukatia. Mwanvua ni fundi cherehani wa Kasingirima, na kwa miaka yote ya ushonaji hajawahi kutupa hata kipande cha kitenge kinachoweza kufunika kiganja. Devota, jirani yao muuza dagaa, alikuwa ameona kwenye simu wanawake wa nchi za mbali wakiunganisha mabaki kama hayo na kupata mablanketi mazuri mpaka watu wanayatundika ukutani. Alieleza kwamba vipande havikupangwa mraba kwa mraba kama vigae vya bafuni. Vilikatwa mshazari, vyembamba kwa vinene, rangi zikigombana.

Walikubaliana iwe siri mpaka Jumamosi ya harusi.

Wiki mbili walicheka zaidi kuliko walivyoshona. Marsiana alitaka zambarau ikae mbali na rangi ya chungwa, kwa maelezo kwamba macho yanauma. Mwanvua akazibandika pamoja makusudi, akarudi nyuma hatua chache, akaanza kucheza peke yake kati ya cherehani na mlango. Ilipendeza mno. Baada ya hapo hakuna aliyezuilika. Kitenge cha picha za feni kilikutana na kitenge cha picha za kuku, kijani kikapasua katikati ya nyekundu kama barabara iliyochorwa na mlevi, na kila aliyeongeza kipande aliwaita wenzake watazame kana kwamba amejifungua.

Ikabaki hatua ya mwisho: kuweka blanketi kuukuu katikati, bitana chini, na kushona yote matatu pamoja kwa mkono ili yasitembee. Duka la Mwanvua halikutosha kulitandaza. Kwa kuwa Elida alikuwa amewaaga kwamba anakwenda Katubuka kwa dada yake kwa siku kadhaa, walilibeba mpaka kwenye uwanja wa majani karibu na nyumba yake, palipo wazi na ziwa linaonekana. Walitandika mkeka, wakakaa watatu wakilizunguka, ukingo wake umewafunika mapaja, kila mmoja na sindano yake. Mkasi Mwanvua aliuacha dukani, kwa sababu mkasi wake hautoki dukani. Nyuzi walikata kwa meno.

Walishona wakisimuliana habari za waume zao, walio hai na waliokwisha kufa, na hakuna aliyetazama juu. Devota ndiye aliyegundua kwamba milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, haionekani tena. Mvua ilikuwa imeimeza na sasa ilikuwa inakuja juu ya maji, nyeupe, na kule chini wanawake walikuwa wanakimbia kukusanya dagaa.

Devota aliinuka haraka. Blanketi likainuka naye, na Marsiana akavutwa akaanguka kifudifudi. Marsiana alijaribu kujinasua akajikuta anamvuta Mwanvua. Wakatazamana. Kisha Mwanvua akafunua ukingo wa blanketi, akaona ushonaji wake mwenyewe, mshono mzuri ulionyooka, umepita kwenye kitambaa cha juu, blanketi kuukuu, bitana, na gauni lake. Yeye, fundi, ndiye aliyejishona vibaya kuliko wote, kutoka goti mpaka goti.

Marsiana akianza kucheka huhamia kwenye Kiha, lugha ya kwao, na siku hiyo alihamia jumla jumla. Devota alijaribu kukata uzi kwa meno akashindwa kwa kicheko. Matone ya kwanza yakawapiga. Hapakuwa na namna. Walijitupia blanketi vichwani na kukimbia hivyo hivyo, watatu kama mnyama mmoja mwenye miguu sita isiyoelewana, huyu akienda kushoto na yule kulia, mpaka kwenye baraza ya Elida, wakaangukia mlangoni kwa kishindo.

Mlango ukafunguliwa. Elida alikuwa amesimama ndani, amevaa sweta zake mbili.

Mwanvua akamuuliza kama hakwenda Katubuka. Elida akajibu kwamba hakwenda. Alikuwa amejifungia tangu juzi. Alikuwa amemwambia Martini ampe muda. Alikaa kizingitini, akawaeleza bila kuwatazama kwamba kila akipita sokoni anahisi watu wanasema bibi mzima anavaa shela.

"Ninaogopa kuchekwa," alisema.

Mwanvua alikuwa amelala chali, maji yanamtiririka shingoni, mguu wa Marsiana uko begani mwake. "Elida, mwenzangu," alisema taratibu, "hebu nitazame vizuri. Leo nani wa kuchekwa hapa?"

Elida akamtazama. Akamtazama Devota aliyefungwa kwa paja, na Marsiana aliyekuwa bado ana kwikwi ya kicheko. Tumbo lake likaanza kutikisika kabla sauti haijatoka. Alipocheka alilazimika kushika fremu ya mlango, na kila aliponyamaza mmoja wao alijisogeza, wengine wakavutwa, wakaanza upya. Ndipo alipoliona blanketi lenyewe. Alipapasa zambarau, akapapasa rangi ya chungwa, akauliza ni la nani, na hakuna aliyeweza kusema uongo akiwa ameshonwa kwenye ushahidi.

"La kwako," alisema Devota. "La kule juu."

Elida aliingia ndani akarudi na wembe, akakaa katikati yao akifumua mshono mmoja mmoja, gauni la kila mmoja kwa uangalifu. Alipomaliza hakutoka. Alivuta blanketi mpaka kidevuni, hivyo hivyo limelowa, akaomba simu ya Devota, akampigia Martini na kumwambia hahitaji muda tena.

Martini alifikiri kwanza, kama kawaida yake. Wote wanne walisikiliza ukimya wake, vichwa vimegusana juu ya simu. Halafu akauliza kama Jumamosi bado ipo.

"Ipo," alisema Elida, na baraza nzima ikapiga vigelegele ndani ya mvua.