Jibu la Mwaka Jana

Kiwanda chetu cha skrubu hapa Gangshan kina ghorofa mbili juu ya karakana. Juu kabisa anakaa Bosi Kang Eng-tek, chini kwenye mashine yupo mdogo wake, Eng-bin, na katikati nipo mimi na seva zangu. Tangu wagombee kubeba picha ya mama yao siku ya mazishi, hawasemezani. Swali likitoka juu linapitia kwangu, na jibu likitoka chini linapitia kwangu. Mimi nimesomea mitandao, sikusomea ushenga, na kazi hiyo ilikuwa imenifika shingoni.

Asubuhi moja Bosi aliniita juu akiwa amefura. Mteja wetu wa Osaka alikuwa amehamishia mfumo wake wa oda kwenye anwani mpya, na sisi tulishinda tukibisha hodi kwenye nyumba tupu.

“Siok-hun, ile pakiti ya vitafunwa vya bahati tuliyoweka juu ya seva ili zisisumbue imepitwa na muda?”

“Nimeibadilisha juzi, Bosi, nikaweka ya kijani, rangi ya mambo kwenda sawa. Vitafunwa havina kosa.”

“Kosa la nani basi?”

Nikamweleza. Seva zetu zinajua majina ya kompyuta za humu ndani tu. Jina la nje likiulizwa, zinampelekea swali mtoa huduma wetu wa intaneti, naye alikuwa bado anatupa anwani aliyoikariri zamani.

“Tunaweza kuendelea naye,” nikasema, “au seva yetu ijiulizie yenyewe. Ianzie kwenye mzizi wa majina yote, ielekezwe hatua kwa hatua mpaka imfikie mwenye jina.”

“Ipi ya haraka?”

“Ya kumuuliza yeye.”

“Na ya uhakika?”

“Ya kujiulizia.”

Akakuna kichwa, akasema atafikiri. Nilikuwa nimeshashika mlango aliponiita tena, sauti imeshuka.

“Halafu muulize yule wa chini. Jumamosi tunafukua mifupa ya mama. Atakuja?”

Ndiyo desturi yetu, miaka kadhaa baada ya mazishi. Mifupa hufukuliwa mara moja tu, ikasafishwa, ikapangwa ndani ya mtungi na kufunikwa. Mtoto asiyekuwepo siku hiyo hapati nyingine.

Na jibu nilikuwa nalo mdomoni. Kila mwaka, siku ya kusafisha kaburi ikikaribia, Bosi huniuliza hivyo hivyo, na Eng-bin hunijibu bila kuinua macho, “Mwambie nina kazi.” Sikuwa na haja hata ya kushuka ngazi. Nikafungua kinywa niseme ana kazi, nikaona haya. Hilo lilikuwa jibu la mwaka jana, na mjumbe mvivu aliyelikariri nilikuwa mimi.

“Bosi, sendi. Shuka ukamuulize mwenyewe.”

“Wewe! Nani anakulipa mshahara?”

“Wewe. Nifukuze, lakini shuka kwanza.”

Alinikodolea macho, kisha akatoka na ndala zake za ofisini. Nikamfuata, nikasimama kwenye ngazi, maana umbea nao ni wangu.

Eng-bin alipomwona kaka yake katikati ya makelele yale, alizima mashine iliyokuwa mbele yake.

“Jumamosi,” Bosi alisema. “Mama. Utakuja, Bin?”

Eng-bin alijifuta mafuta mikononi, kidole kimoja kimoja.

“Kila mwaka unanitumia Siok-hun. Siok-hun ni mtoto wa mama?”

“Hapana.”

“Sasa ulitaka nimjibu nini yeye?” Macho yalikuwa yamemwiva. “Nitakuja. Lakini mwavuli wa kuikinga mifupa na jua nitaushika mimi. Picha ulininyang’anya.”

Bosi Kang, ambaye sijawahi kumsikia akimwachia mtu hata nafasi ya kuegesha gari, aliinamisha kichwa.

“Ushike wewe,” alisema. “Nilikosea, Bin.”

Alipopanda ngazi alinikuta nimesimama pale pale, nalia bila aibu.

“Ile seva,” akasema. “Ijiulizie yenyewe.”

“Mwanzoni itakawia kidogo, Bosi.”

“Ikawie.”