Fomu Iliuliza Kwetu

Swali lilikuwa moja tu, na nililiharibu kwa kiburi.

"Shikamoo, Mama Limi," alisema Eunice, binti wa shirika linalogawa vyumba pale Katoro. "Kwenu ni wapi?"

Wiki tatu nilikuwa nalala na mwanangu kwenye baraza za sokoni. Mwenye leseni ya kuchimba alileta greda kule kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, likapita juu ya banda letu na masufuria yangu ya mama ntilie. Shirika lilikuwa limebakiwa na chumba kimoja. Limi, miaka tisa, alishakichungulia dirishani na kuchagua upande wake wa kitanda.

Sasa niambieni, Msukuma gani ataulizwa kwao mbele ya foleni nzima, ajibu hana? Asiye na kwao ni mbwa koko. Baba alikuwa akisema mwacha asili ni mtumwa. Nikanyoosha shingo.

"Kwetu ni Tinde, kwa mzee Bujiku. Uliza mtu yeyote."

Sikusema kwamba mzee Bujiku ni marehemu. Sikusema kwamba kaka yangu Mayala aliuza nyumba na mashamba yote, akapotea. Aibu ya nyumbani haianikwi kwenye fomu.

Eunice akaandika, akapiga muhuri, akanipa tiketi mbili za basi. "Hongera, mama. Chumba ni cha wasio na kwao. Nyie mnarudi nyumbani."

Nyuma yangu mwanamke mmoja mwenye kanga iliyopauka alishasogea mezani. "Mimi sina kwetu," alisema, wala hakuinamisha uso. Nilimdharau, Mungu anisamehe, na huku naona ufunguo ukiwekwa mkononi mwake.

"Eunice, mwanangu, lile jibu langu..."

"Mama, umesema mwenyewe. Tayari nimeandika."

Tulishuka Tinde alasiri, tukatembea hadi ulipokuwa mji wa baba. Nyumba haikuwepo. Palikuwa na alizeti kuanzia barabarani hadi kwenye ua wa mnyaa wa jirani. Katikati ya shamba kulikuwa na mwanaume anapalilia. Alinijua kwa sura ya baba, akaweka jembe chini.

"Mwadila, mayu," alinisalimu Kisukuma. "Mimi ni Luka, niliyenunua kwa Mayala. Mmekuja kuliona kaburi la mzee? Karibuni sana. Kaburi haliuzwi, nalima kulizunguka tu." Kisha akauliza kwa adabu zote, "Basi la kurudi ni saa ngapi?"

Adabu yake iliniuma kuliko greda. Nilipita kwenye alizeti hadi kwenye kaburi la baba, nikafuta vumbi juu ya saruji kwa kanga yangu.

"Weka begi hapa," nilimwambia Limi. "Ndiyo kwetu."

Limi akalizunguka kaburi taratibu, akaniuliza upande wake ni upi.