Kioo Hakihesabu Risasi

...na nikichungulia tu hapa ukutani huyo mwenye buti ataniona, basi nimechuchumaa, yaani aliyechuchumaa ni yule mtu wangu wa kwenye kioo, mimi mwenyewe nipo kwenye kochi langu, miguu juu ya stuli, chai inapoa, hedifoni imenibana masikio, na bunduki imetulia lakini haitulii kabisa, inapanda na kushuka na pumzi kama kifua cha mtu aliyepanda ngazi na ndoo, jamani, waliotengeneza gemu hii walikaa wakatazama watu, siyo kama ile ya kwanza aliyoniletea mjukuu wangu, risasi zinamwagika haziishi kama maneno ya jirani yangu mshonaji, unapiga tangu asubuhi bunduki haichoki, nikamwambia mjukuu huu ni uongo niondolee, akacheka, akaniletea hii, tunacheza yeye kwao mimi kwangu na tunasikilizana kama tupo jiko moja, na humu bunduki ni bunduki, ina risasi tano basi, kila ukipiga lazima uvute kile chuma nyuma, ka-chak, siku ya kwanza kuusikia mlio ule niligeuka kutazama mlangoni, maana marehemu mume wangu alikuwa mlinzi wa ghala na ya kwake ililia vivyo hivyo, mlio mkavu, kama mtu anafunga sanduku kwa hasira, na ganda likianguka kwenye saruji linalia ting, likianguka kwenye majani mabichi halisemi kitu, nani huyo aliyekaa akaliwaza jambo hilo, namwamkia popote alipo, imekosekana harufu ya mafuta ya bunduki tu... sss, buti zimesimama, zinasikiliza, na mimi nasikiliza, ila siyo buti, namsikiliza mke wa mwanangu, kwa sababu mjukuu ameivaa hedifoni shingoni na maiki kaiacha wazi, sebule yao yote imo masikioni mwangu na mama yake hana habari, na mimi ni nani nimwambie, umbea ukikufuata wenyewe mpaka kwenye kochi ni kukosa adabu kuufukuza... ndiyo kwanza nimepiga ya kwanza pale getini nikamsikia, "...sufuria imeungua mpaka mpini, na mama yako yuko sebuleni anacheza," haya, iliungua, sufuria ngapi zimeungua duniani na wenye akili zao wamesimama jikoni, nikavuta chuma, nikapiga nyingine darajani, huku yeye anaeleza kwamba jana nilimwita kwa jina la marehemu dada yangu, sasa dada yangu alikuwa na pua ile ile na maringo yale yale, ningefanyaje, halafu mwanangu, huyu niliyemnyonyesha mpaka akawa ananiomba ziwa kwa maneno ya mtu mzima, akasema polepole kwamba watanileta kwao, chumba cha nyuma kipo, mama atazoea, na kidole kikafyatua chenyewe, risasi ikaenda kwenye pipa la maji, lile pale, linavuja kwa kitundu kile kile, na maji yatatoka mpaka yafike usawa wa tundu yakome, hata hilo wanalijua watu hawa... atazoea, kama paka aliyehamishwa ndani ya gunia, chumba hicho nakifahamu, dirisha linatazama ukuta, hapiti mtu, hapa nalipata geti la mshonaji lote, najua nani karudisha gauni na kwa nini, mtu akiniondolea dirisha hili heri aniondolee macho... ngoja, mjukuu anasema, anamwambia baba yake Bibi hasahau, gemu hii haikuandikii risasi ngapi zimebaki, unahesabu mwenyewe kichwani, yeye kila siku zinamwishia katikati ya vita, Bibi hazijamwishia hata mara moja, mama yake akacheka, labda anafungua bunduki anachungulia, na mtoto hakunyamaza, "Ukifungua inalia, adui anakusikia. Niko naye hapa ukutani namwona, hajafungua. Muulize, baba. Akijua, mwacheni kwake. Akikosea mleteni, sanduku lake nitabeba mimi," eti mtoto huyu mdomo kautoa wapi, kwangu, kautoa kwangu, na sasa umenifikisha pabaya, maana siku zote nahesabu kwa vidole vya mguu hapa juu ya stuli, kila nikipiga nakunja kimoja, na leo vyote vimenyooka, vimelala, vilikuwa vinasikiliza maneno ya watu kama mwenye navyo... nikivuta chuma nichungulie, buti hizo, na mjukuu ananitazama, nitamwaibisha mtetezi wangu, kochi lao limelia, mwanangu anainuka, anakuja, shule niliiacha kabla ya kugawanya, kichwa changu hakishiki namba, kinashika nani kasema nini na... hebu kwanza, hebu, leo niliingia bunduki imejaa, sufuria, getini, pua ya dada, darajani, halafu mke wa mwanangu akauliza nani kaacha taulo bichi kitandani, hapo nilikuwa napanda ngazi, sikupiga, halafu atazoea, pipa, basi, baada ya atazoea sijapiga tena, sijapumua hata vizuri, namba zimekimbia lakini maneno yamekaa, yote, kila moja na ganda lake... "Mama?" yuko karibu sana, kaivaa hedifoni, "Mama, unanisikia? Umebakiwa na risasi ngapi?" na sauti hiyo naijua, siyo ya mtu anayetaka kunihamisha, ni ya mtoto aliyevunja kikombe anaomba mwenziwe aseme ni upepo, anaogopa, anaomba nisikosee, kumbe tulikuwa tumejibanza ukuta mmoja, yeye upande wake mimi upande wangu, na buti bado zimesimama, pipa bado linavuja, bunduki inapanda na kushuka na pumzi yangu, polepole sasa... "Mbili, mwanangu," nasema, "na mwambie mkeo ile sufuria ilikuwa yangu."