Vitelezi Haviumuki

Mdomo uliponza kichwa. Preston Colby aliangushwa na mdomo wake mwenyewe, na mimi nilikuwapo, upawa mkononi.

Dada yangu Eunice Wharton amekuwa seneta wa Delaware tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Uchaguzi huu akajitokeza Colby kugombea kiti chake, kijana tajiri wa huko kaskazini, ng'ambo ya mfereji unaokata jimbo letu. Akajaza kwenye televisheni picha za Eunice akijikwaa kwenye ngazi za mahakama, na chini yake maneno mawili: Bibi apumzike. Yaliniuma hayo. Kura za maoni nazo zikampa Colby ushindi, na Eunice akaanza kuacha chakula.

"Verna," akaniuliza, "kweli nimezeeka hivyo?"

"Umezeeka. Kwani uzee ni wizi?"

Basi ikafika ile karamu ya kituo chetu cha zimamoto. Tunapika kuku na vitelezi: unga unasukumwa mwembamba kabisa, unakatwa vipande, unatoswa kwenye mchuzi. Colby akaja na wapiga picha wake. Nikampakulia, maana mgeni ni mgeni hata akiwa mchokozi. Akavigeuza kwa uma, akatabasamu kwa kunihurumia.

"Pole, mama. Naona hamira imewagomea leo. Havijaumuka."

Vitelezi viumuke? Marehemu mama angemfukuza jikoni mtu wa kutia hamira.

"Baba," nikamwambia, "vikiumuka tunawamwagia kuku wa bandani."

Wazimamoto wakaangua kicheko. Eunice, aliyekuwa meza ya pili, akainuka na sahani yake.

"Niongeze, Verna. Leo nina njaa."

Jimbo letu dogo, halifichi kitu. Habari ilifika hadi mji wa Laurel mchuzi haujapoa, na kila nilikopita wanawake waliulizana: asiyejua chungu chetu atajuaje shida zetu?

Eunice akashinda, kwa kura chache, lakini akashinda! Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka.

Hofu haikuniisha, lakini. Baada ya uchaguzi tuna Siku ya Marejeo pale mjini Georgetown: mshindi na mshindwa wanapanda gari moja la farasi, mshindi akitazama mbele, mshindwa akitazama nyuma, kisha wanafukia shoka mchangani pamoja ili ugomvi uishe. Kidato cha gari lile kiko juu, na siku hiyo kamera zote zilikuwa pale. Eunice angeteleza, watu wangesema Colby alisema kweli, na ushindi wa dada ungegeuka mzaha.

Alipofika kwenye gari, nikamnyooshea mkono.

"Ondoa mkono wako, Verna."

"Dada, kidato kiko juu."

"Nilikipanda wewe ukiwa bado unaogopa farasi. Nipishe."

Akakusanya sketi, akashika chuma, akajivuta. Mguu wa kwanza. Wa pili. Akaketi, akanyoosha kofia. Mtaa mzima ukalipuka kwa shangwe.

Zamu ya Colby. Viatu vyake vipya vikateleza, akabaki ananing'inia, goti moja ndani na mguu mmoja hewani.

"Kijana apumzike!" mtu akapaza sauti, na watu wakavunjika mbavu. Mimi nilicheka kuliko wote.

Eunice hakucheka. Aliinama, akamkamata kifundo cha mkono, akamvuta mpaka ndani. Colby akaketi akitazama nyuma, uso mwekundu.

"Asante, Mama Seneta," akasema. "Nilikukosea sana."

"Yamekwisha. Verna, nipe hilo bakuli."

Nilikuwa nimembebea chakula chake cha mchana, kuku na vitelezi. Akampa Colby, na kijiko juu. Colby akala kijiko cha kwanza, akala cha pili, na farasi wakaanza kutembea.

"Haya, kijana," Eunice akamwuliza, watu wote wakisikia, "vimeumuka?"

Colby akameza.

"Vitelezi haviumuki, mama."

Nikalia pale pale barabarani, na wala sikujifuta.