Marinda ya Uyoga wa Kahawia

Tangu homa imlaze, mama alikuwa akisukuma sahani pembeni. Asubuhi hiyo, kwa mshangao wa wote, aliomba uyoga. Kitinda mimba wake hakungoja aambiwe mara mbili. Alishika njia hadi kwenye majani nyuma ya nyumba, akarudi na bakuli la uyoga mdogo wa kahawia. Kwa usafi wake, akautoa mashina yote na kuuosha ukatakata.

Mama mdogo, fundi cherehani, alipoliona lile bakuli aliondoa mguu kwenye pedeli.

"Nani kakwambia huu unaliwa?"

"Si uyoga tu, mama mdogo?"

"Na kila nguo ni shati? Tena umeuvua nguo kabla sijaupima! Nenda kang'oe mwingine, mzima mzima, na shina lake."

Msichana akaleta miwili. Mama mdogo aliinusa, akapinda shina kuona kama litavunjika, akachungulia yale marinda membamba chini ya kofia. Kisha akazikata kofia, akazilaza marinda chini, kila moja nusu juu ya kitambaa cheupe na nusu juu ya cheusi, akazifunika kwa glasi.

"Sasa tuuache useme wenyewe."

Msichana akakaa papo hapo, kidevu mezani. Chumbani mama aliuliza kama chakula kimeiva, msichana roho ikamchoma. Akikosa uyoga, si atasusa tena?

Jioni glasi zilipoinuliwa, msichana alishika mdomo. Kofia moja ilikuwa imedondosha vumbi jeupe juu ya cheusi. Nyingine, vumbi la rangi ya kutu juu ya cheupe. Mistari ilikuwa imepangika rinda kwa rinda, kama iliyopigwa pasi.

"Kumbe ni aina mbili! Na mimi nimezichanganya!"

"Hata mimi ningeapa ni pacha," alisema mama mdogo. "Huu wa vumbi jeupe nadhani naujua, na kudhani hakutoshi. Wa kutu siujui kabisa. Nisichokijua sikitii tumboni mwa dada yangu. Bakuli zima likamwagwe."

Mlangoni palisikika kikohozi. Mama alikuwa amejikongoja mpaka pale, kanga begani, macho kwenye vitambaa.

"Nani kashona hivi?"

"Uyoga, dada."

"Acha utani wako!" Akainama, akatazama weee, mpaka akavuta kiti. "Mikono yako haiwezi kazi hii."

"Haiwezi," alikiri fundi.

Mama akamgeukia bintiye. "Haya, nichemshie hata viazi. Ila hivi vitambaa msiviguse. Nitakula huku navitazama."