Ramani ya Miamba ya Papa Eugène

Mwaka wa kwanza wa uinjinia, Basile aliumaliza akiwa amefeli somo moja. Alikuwa mtoto wa wavuvi wa maporomoko ya Kisangani, wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo kikuu. Mwaka 1957 alipanda garimoshi la Ponthierville, kisha boti hadi Kindu, kisha garimoshi tena, mpaka Élisabethville. Kule ndiko alikojua kwamba mtu aliyekuwa wa kwanza darasani maisha yake yote anaweza kukaa asubuhi nzima asielewe kitu. Profesa alizungumza haraka huku akiligeuzia darasa mgongo. Wanafunzi wa Kizungu walikuwa wamezoea kalamu za wino za kuchorea tangu sekondari. Michoro ya Basile ilijaa madoa. Jioni alikula bukari, ugali wa kule, peke yake, akiiwaza lituma ya mama yake, ndizi zilizopondwa.

Aliyemtoa katika upweke huo ni Théodore, mtoto wa karani mmoja wa Tshopo, upande wa pili wa mji wao huohuo. Yeye alikuwa mwaka wa pili. Alimwonyesha jinsi ya kuiweka kalamu ili wino usivuje, maswali yapi profesa huyapenda, na namna ya kuingia katika chumba cha kulia bila kuinamisha macho. Basile akawa anamwita yaya, yaani kaka mkubwa, kama wa tumbo moja.

Somo lililomshinda lilikuwa upimaji wa ardhi. Matokeo yalipotoka Julai, alijificha nyuma ya bweni akalia. Théodore alimfuata huko. Alimwambia kuna mtihani wa marudio Septemba, na kwamba likizo hiyo watafanya mazoezi pamoja nyumbani. Kifaa cha kupimia angekiazima kwa mwalimu wake wa zamani. Mahali pa kupima, alisema, wanapo tayari: miamba ya kwao Basile. Anayeweza kupima maporomoko hatashindwa na uwanja wa mtihani.

Miamba ile haikuguswa na mgeni hivihivi. Kila ukoo ulikuwa na sehemu yake, na matundu yake katika mawe ya kusimamishia nguzo za miti zinazoshika vikapu vya samaki katikati ya maji makali. Basile alimwomba baba yake, Papa Eugène, ruhusa. Mzee alimtazama Théodore, akamwuliza wazazi wake ni akina nani, akakubali. Mkewe, Mama Honorine, akawapikia.

Maji yalikuwa yamepungua, mawe yapo nje. Walipima kuanzia jua linapochomoza hadi mawe yanapochoma nyayo. Papa Eugène mwenyewe aliwavusha kwa mtumbwi hadi kwenye miamba yake ya mbali, akawaonyesha palipo imara na palipo na nyufa. Basile alichora, akafuta, akachora tena. Siku moja kitu kilimfunguka kichwani: namba zikageuka mawe, mistari ikageuka miteremko. Alipomaliza, ramani ilikuwa safi, haina hata doa. Théodore aliitazama kwa muda mrefu, akasema ataibeba akaisahihishe kwa utulivu. Basile alilala usiku ule akijiona injinia.

Wiki chache baadaye walikuja watu wa kampuni ya ujenzi iliyokuwa ikitafuta mawe ya gati jipya. Walipaka rangi nyekundu miamba ya mbali, ile yenye nyufa ambayo baruti ingeipasua kwa urahisi. Msimamizi wao alikuwa ameshika ramani. Basile aliitambua kutoka mbali, kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Pembeni palikuwa na jina la Théodore.

Wazee walikwenda kwa mtawala wa wilaya wakaambiwa mto ni wa serikali. Baruti ikalia. Miamba ya jirani ilipona, lakini sehemu ya Papa Eugène ikabaki povu jeupe lisilo na pa kusimamisha nguzo.

Basile alikwenda Tshopo kwa miguu. Alimkuta Théodore barazani, amevaa viatu vipya. Hakukana. Kifaa kilikuwa cha kampuni, alisema, na kampuni ilikuwa imemwahidi kazi akimaliza masomo.

“Ungeniambia,” Basile alisema.

“Ningekuambia, ungekataa. Bon, sikiliza. Ile mawe wangeichukua tu, na ramani yako ao bila ramani yako. Na mi nilikufundisha, si vile? Utapita examen.”

Kilichomuuma Basile zaidi ni kwamba sauti ya Théodore ilikuwa ileile ya kule bwenini, ya upole, ya kaka. Akageuka akaondoka.

Nyumbani hakuna aliyemgombeza. Baba yake alikwenda kuvua kwenye miamba ya nduguye, akirudi na samaki wa kugawana. Siku ya safari alimvusha Basile kwa mtumbwi mpaka ng'ambo ya kushoto, kwenye kituo cha garimoshi. Walipofika aliushika mtumbwi usiyumbe, mwanawe akashuka na sanduku lake.

“Ni weye ulimuleta,” alisema Papa Eugène. “Na mi nilimwonyesha mawe kwa mukono yangu. Donc tulidanganywa wote wawili.” Akashika kasia tena. “Soma. Lakini vitu vyetu usiviandike tena.”

Basile alitaka kuahidi, lakini mtumbwi ulikuwa umeshageuka.

Septemba alifaulu kwa alama za juu kuliko wote waliorudia. Profesa alimsifu mbele ya darasa, akauliza alijifunzia wapi. Basile alijibu kwamba ni nyumbani, akakaa. Mwaka wa pili alihamia chumba kingine, mbali na cha Théodore, na huyu alipomsalimia koridoni, alimwitikia kama anavyoitikiwa mtu yeyote.